Barua ya wazi kuhusu Kilwa Kisiwani: kigae kilichorudishwa mchangani

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia mambo ya kale, utalii na elimu,

Shikamooni mlio wakubwa kwangu, na salamu kwenu nyote. Mimi ni mwalimu wa Historia wa shule ya sekondari, mwaka wa kumi na saba huu nashika chaki. Barua hii ningeileta kwa mkono kama ningejua mlango mmoja wa kupiga hodi, lakini jambo lenyewe limegawanyika: mawe yana ofisi yake, wageni wana ofisi yao, wanafunzi wana yao. Kwa hiyo naiandika wazi, kila mmoja achukue fungu lake.

Naanza na kigae. Mwaka jana niliwavusha wanafunzi wa kidato cha pili kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani. Maji yalikuwa yamekupwa, mashua ikagota mbali na ufuko, tukashuka na viatu mkononi. Hatujafika hata kwenye Gereza, ile ngome ya kale ya kisiwa, binti mmoja akainama akaokota kitu mchangani. Kipande kidogo, kinatosha kwenye ukucha wa kidole gumba. Upande mmoja kilikuwa kijani kilichopauka, laini, kinateleza; ukingoni palipovunjika palikuwa na rangi ya majivu. "Mwalimu, hiki nini?" Nikamwambia kijani hicho ni cha vyombo vya Kichina, na kwamba huenda mtu wa hapa alikula chakula kwenye bakuli lake miaka mia sita iliyopita. Akakifuta kwa upindo wa sketi. Akauliza kama anaweza kwenda nacho nyumbani, akamwonyeshe mama yake.

Nikamkatalia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hairuhusu mtu kujiokotea, nikamweleza na sababu yake. Mtoto msikivu: akakirudisha palepale na kukifukia kwa mchanga, kama anayepanda kunde. Mimi nami, kwa mdomo wa kiualimu, nikaongeza kwamba vigae kama hicho viliokotwa kwenye ufuko wa kisiwa hiki mwaka 1948 na ofisa wa Kiingereza aliyekuwa likizo, na leo vimo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, ndani ya kioo, na watu kutoka dunia nzima wanapanga mstari kuvitazama.

Akanitazama. "Sasa mwalimu, wao kwa nini walichukua?"

Jibu la kisheria ninalo: wao walichukua 1948, sheria ni ya 1964. Lakini sikuwa na uso wa kumpa mtoto jibu hilo huku nimesimama mbele ya kile alichokifukia. Tukaendelea na safari. Swali lake ndilo limenishikisha kalamu.

Waheshimiwa, kwenye makabrasha yenu Kilwa Kisiwani inaitwa "magofu". Neno hilo limetuharibia. Gofu ni kitu kilichokwisha, unapita kando yake unaenda zako. Pale palikuwa mji mkuu wa wafalme. Kuanzia mwisho wa karne ya 13 hadi karne ya 15 masultani wake walishika biashara ya dhahabu iliyoshuka kutoka nyanda za Zimbabwe hadi bandari ya Sofala, Msumbiji ya leo, ikapandishwa pwani kwa majahazi. Na sababu ya mji kukaa hapo, si kwingine, ni upepo. Chombo kilichotoka Arabuni au Bara Hindi kwa kaskazi kiliweza kufika Kilwa, kikauza, kikapakia na kurudi kwa kusi bila kulala mwaka mzima ugenini. Kusini zaidi ya hapo, msimu ulikuwa unakukatikia njiani. Basi Kilwa ikawa mlango: aliyetaka dhahabu ya kusini alikutana na Mkilwa kwanza.

Hili nalisema polepole kwa sababu wanafunzi wangu wanalijua na hawalijui. Kwenye mtihani wanaulizwa sababu za kukua kwa miji ya pwani, nao wanaandika jina la Kiingereza la pepo za msimu, wanapata alama. Asilimia kubwa ya darasa langu ni watoto wa wavuvi. Babu zao wanataja kaskazi na kusi kila asubuhi kabla ya kupiga mswaki. Lakini hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba neno lile la kwenye daftari na upepo huu unaowapeperushia madaftari ni kitu kimoja. Siku ile mashuani nilipowaambia, mmoja akacheka mpaka akapaliwa.

Sasa nije kwa mtembeza wageni wetu. Jina lake silitaji, kosa si lake. Kijana mzuri, mwenye adabu, anakijua kisiwa kama kiganja chake. Tulipofika Msikiti Mkuu akajiweka sawa, akaanza kumimina Kiingereza: karne, urefu, upana, kwa pumzi moja, kama mtu anayesoma hati ya mahakama. Watoto wakasinzia kwa macho wazi. Nikamwomba kwa upole, "Kaka, tuambie kwa lugha yetu." Akasita. Akaniambia mafunzo aliyapata kwa Kiingereza, karatasi aliyopewa ni ya Kiingereza, hajawahi kuisema habari hii kwa Kiswahili kwa wageni. Kwa wageni, Waheshimiwa. Ametumia neno hilo kwa watoto waliozaliwa saa chache kutoka pale.

Lakini alipoanza kwa Kiswahili akageuka mtu mwingine. Akatusimulia habari ya nguo. Tarehe ya zamani ya Kilwa, yaani maandishi ya historia ya mji, inasema kisiwa kilinunuliwa na Ali bin Hasan, mwana wa sultani wa Shirazi, kutoka kwa mfalme wa bara aliyekimiliki, na bei ilikuwa nguo za kutosha kukizunguka kisiwa chote. Mnunuzi akatandaza nguo, muuzaji akazikusanya akaenda zake bara. Wataalamu wanabishana kama hao Washirazi walikuja kweli au ni nasaba iliyopambwa baadaye. Mimi naona hiyo ni kazi yao, waendelee. Darasa langu lilichukua upande mwingine kabisa. Msichana akauliza kama nguo ilitandazwa maji yakiwa yamejaa au yamekupwa, maana tofauti yake ni doti nyingi. Mvulana akasema huyo muuzaji alipunjwa. Ubishi ukawaka palepale chini ya matao, na katika miaka yangu yote sijawahi kuona kidato cha pili wakigombana kwa ajili ya Historia.

Msikiti wenyewe unatosha somo la wiki. Sehemu ya kaskazini ni ya zamani zaidi, ya karne ya 11 au 12. Ile kubwa ya kusini, yenye matao na kuba, iliongezwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14, ikaanguka baadaye, ikasimamishwa tena karne ya 15 kwa nguzo nyingine. Watoto walilala chali sakafuni kutazama kuba kutoka chini. Pengine zimebaki nzima, pengine kuna tundu na mbingu. Wakapiga makofi kusikia sauti inavyorudi. Nilitaka kuwakataza, nikaona bora waujue kwa migongo yao.

Halafu tukatembea hadi Husuni Kubwa, upande wa mashariki, juu ya genge. Hiyo ndiyo kasri ya huyo huyo al-Hasan: vyumba zaidi ya mia moja, ua baada ya ua, na birika la pembe nane linalotazama bahari. Simama ukingoni mwa birika lile saa kumi jioni, upepo unakuja moja kwa moja kutoka baharini, utaelewa kwamba mjenzi alijua raha ni nini. Inaonekana kasri haikukamilika na haikukaliwa muda mrefu. Mji ulibaki kule chini na maisha yake.

Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331 na akaandika kwamba ni katika miji mizuri, iliyojengwa vizuri. Sultani aliyemkuta ni al-Hasan, aliyepewa lakabu Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa kutoa kwake. Anasimulia kwamba fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha sultani anatoka sala ya Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akabadili, akampa. Fakiri akaondoka kazibeba kichwani. Mwanawe sultani akazikomboa zile nguo kwa watumwa kumi, na baba aliposikia watu wanavyosifu, akamwongezea fakiri watumwa wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Wanafunzi walishangilia habari ya nguo, walipofika kwenye watumwa wakanyamaza. Hapo nawaomba jambo, hasa ninyi wa utalii. Msituuzie Kilwa iliyopakwa rangi. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa aliweka mkataba na Mfaransa aitwaye Jean-Vincent Morice wa kumpatia watumwa 1000 kila mwaka. Karne ya 19 biashara hiyo ikahamia Kilwa Kivinje na kuzidi. Wapo wanaoona habari hizi zinafukuza wageni. Mimi nimewaona watoto wa kidato cha pili wakizibeba vizuri kuliko watu wazima. Walioumizwa ni watu wa bara yetu hii, na baadhi ya darasa langu ni wajukuu wao. Mbao zenu zikitaja dhahabu na marumaru za maneno tu, mtoto mwenye akili ataona pengo.

Kuanguka kwa mji sikusemi kirefu, mnakujua. Vasco da Gama alikuja 1502 akatoza kodi kwa mtutu. Francisco de Almeida akafika Julai 1505, akauteka mji, ukaporwa, ngome ikajengwa, na Wareno wenyewe wakaiacha 1512. Gereza tunaloliona leo ni la wakati wa Waomani, limesimama penye mabaki ya ngome ile. Mji haukufa siku moja, uliendelea kuishi na kufufuka kwa karne kadhaa.

Kuna jambo nililolijua uzeeni, na linanikera kwamba sikulifundishwa chuoni. Barua za Kiswahili za zamani kuliko zote zinazojulikana kuwapo mpaka leo ziliandikwa Kilwa, mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu, zikapelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao. Zimehifadhiwa Goa, India. Nikirudia: barua kongwe kabisa za lugha hii ninayoiandikia barua hii zilitoka kisiwa kile. Na mbele ya ukuta wa mji uliotoa barua hizo, kijana wa Kilwa anaona haya kusema Kiswahili kwa sababu karatasi yake ni ya Kiingereza.

Chukueni na sarafu. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe, nyingi za shaba, upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande mbili hizo zina vina vinavyooana. Pesa yenye vina! Nani mwingine angefanya hivyo kama si watu wa pwani? Sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman imepatikana Zimbabwe Kuu. Nyingine tano za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 na askari katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na mpaka leo watu wanavunja vichwa zilifikaje huko. Mwanafunzi wangu anaweza kuiona pesa ya mji wake kwenye simu, ikiwa na maelezo ya Kiingereza, kutoka Australia. Siku ile tuliyokwenda kisiwani hakuona hata mfano wake wa plasta.

Vigae London, barua Goa, sarafu Australia. Sidai virudishwe kesho, si mtoto mdogo mimi, najua kesi hizo zinavyokwenda. Lakini kuna mkopo, na kuna nakala. Barua za 1711 hazina kizuizi chochote cha kupigwa picha, zikaandikwa upya kwa herufi tunazosoma, zikatundikwa Kilwa. Sarafu inaweza kufinyangwa nakala ya ukubwa wa sahani, mtoto apapase vile vina kwa kidole. Na vitu vilivyochimbuliwa Kilwa ambavyo viko Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, baadhi vinaweza kupanda gari. Daraja la Mkapa liko Rufiji tangu 2003, tumeacha kulala Ndundu kungoja kivuko. Kama sisi na basi letu la kukodi tunafika, bakuli litafika.

Nimewahi kuliomba hili kwa maandishi, kwenye ofisi moja ambayo siitaji. Nilijibiwa baada ya miezi minne, mstari mmoja na nusu: wazo ni zuri, fungu halipo. Nikamkumbuka Daudi. Al-Hasan alipofariki akarithiwa na ndugu yake Daudi, ambaye kwa maneno ya Ibn Battuta alikuwa kinyume chake: akijiwa na mwombaji, husema aliyekuwa akitoa amekufa na hakuacha kitu cha kutolewa. Miaka karibu mia saba, na Daudi bado yuko kazini.

Fedha zimewahi kupatikana lakini. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia Urithi wa Dunia 1981, zikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini 2004, zikatolewa 2014 baada ya kazi kubwa, na kazi hiyo ilisaidiwa na fedha za nje, Ufaransa na Japani zikiwemo. Nawashukuru waliofanya kazi ile, ukuta usiposimama hata hadithi haina pa kuegemea. Nilichokiona ni kwamba tumetengeneza jiwe tukasahau mdomo.

Na hata jiwe lina mdomo wake. Nyuma ya Makutani, kasri nyingine ya masultani, tulimkuta mzee mmoja fundi, amekaa kivulini. Watoto wakampa shikamoo, akawaita. Aliwahi kufanya kazi kwenye ukarabati. Akamega punje ya lipu kwenye ukuta wa zamani, akamwekea mtoto mkononi: chokaa, imechomwa kutoka matumbawe kwa magogo, ikalowekwa, ikakaa. Kisha akawapeleka penye kiraka ambacho mtu asiyejua alikiziba kwa saruji. Kiraka chenyewe kizima, kigumu. Jiwe la tumbawe pembeni yake linapukutika kama mkate mkavu. Akawaeleza kwamba maji ya chumvi yanapanda ndani ya ukuta na lazima yatoke. Chokaa inayaachia, saruji inayafungia njia, basi yanatokea kwenye jiwe na kulivunja. Dakika tano. Nimefundisha na mwalimu wa Kemia miaka kumi, hajawahi kupata darasa kimya namna ile. Nilimuuliza mzee wangapi anawafundisha kazi hii sasa. Akasema mradi ulikwisha.

Kwa hiyo ninyi wa mambo ya kale, naomba ufundi huo uwe kazi ya mtu, yenye mshahara na mwanafunzi, hata mradi usipokuwepo. Bahari inakula ufuko, mvua hazituhurumii, na ukuta wa chokaa unataka mkono kila mwaka, hausubiri mfadhili. Mafundi wapo kijijini. Wanazeeka.

Ninyi wa elimu, tumeletewa somo la Historia ya Tanzania na Maadili, kwa Kiswahili. Nilifurahi. Basi lipeni miguu: siku moja ya kidato cha pili kwenye mji wa kale, iwe Kilwa, Kaole au Kunduchi kwa kadiri ya mahali shule ilipo, ihesabiwe kuwa kipindi, isiwe anasa ya wazazi wenye uwezo. Safari yetu iliacha nyuma watoto tisa ambao mchango ulishindikana. Niliporudi waliniuliza tuliona nini, nikawaambia tutazungumza, mpaka leo sijazungumza nao vizuri.

Na ninyi wa utalii, ambao nadhani ndio wenye nguvu zaidi kati ya watatu, andikeni Kiswahili kwanza. Kiingereza kiwe chini yake, Kifaransa na Kichina vifuate mkitaka, sina ugomvi. Mpeni yule kijana karatasi ya Kiswahili na siku mbili za kukaa na wazee wa kisiwa, amalize habari ya nguo, na habari ya fakiri, na habari ya wale watumwa. Mgeni wa mbali hatapungukiwa. Mimi nimewahi kuwa mgeni mahali, nilichokitafuta ni namna wenyeji wanavyosimulia kwao.

Mwezi wa nane narudi Kisiwani na kidato cha pili wapya, na yule binti, sasa yuko cha tatu, ameomba nafasi kwenye basi. Anasema anakumbuka alipokifukia: ukishuka mashuani, hatua kama ishirini kabla ya Gereza, penye mkoko ulioinama. Atakitafuta, atakifuta mchanga, ataniuliza tena. Ningependa kabla ya siku hiyo mmoja wenu anipe cha kumjibu.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa Historia, Kusini